Majirani wauza hewa: Mwenye jiko abaki na nini?

Kila anayevusha mzigo pale Kobero anaijua kanuni hii bila kufundishwa: mali ikishauzwa si yako tena. Ukiuza gunia la mchele Kabanga asubuhi, huwezi kurudi nyumbani jioni ukalihesabu gunia hilo hilo kuwa bado limo ghalani. Miaka hii kanuni hiyo ya sokoni imeingia katika biashara mpya baina ya serikali za majirani zetu na mataifa tajiri ya mbali. Bidhaa yenyewe haipandi kwenye mizani wala haifunguliwi na mtu wa forodha. Ni moshi ambao haukutoka.

Nimekuwa nikiifuatilia mikataba hiyo kwa muda, nami nimeona ni vyema niieleze katika ukurasa huu kwa lugha tunayoielewa sote. Sababu ni mbili. Kwanza, Kenya, Rwanda na Tanzania, nchi ambazo wengi wetu tumeishi au tunafanya biashara nazo, zimo tayari katika mikataba ya aina hii. Pili, kinachouzwa mara nyingi kinatoka jikoni kwa mtu wa kawaida: jiko linalokula kuni kidogo, mafuta yanayochukua nafasi ya makaa, mti ulioachwa usimame. Mwenye jiko ndiye mzalishaji, lakini mara nyingi ndiye wa mwisho kujua kwamba kuna kitu kimeuzwa.

Bidhaa isiyoonekana

Msingi wa biashara hii ni Mkataba wa Paris wa Desemba 2015. Kila nchi iliyoridhia mkataba huo hutoa ahadi yake ya kupunguza hewa chafu inayopasha dunia joto, na huandika katika daftari kile ilichotimiza. Ibara ya 6 ya mkataba inaruhusu nchi mbili kukubaliana: moja inasaidia kupunguza hewa chafu katika nchi ya pili, kisha inachukua sehemu ya upunguzaji huo na kuuandika katika daftari lake yenyewe. Kipimo ni tani. Kila tani moja ya hewa ukaa iliyozuiwa hupewa hati yake, na hati hizo ndizo watu wanazoziita hati za kaboni.

Hapo ndipo kanuni ya gunia la mchele inapokuja. Tuseme nchi imeahidi kupunguza tani 100. Imejitahidi, imepunguza zote 100, lakini imemuuzia mgeni tani 40. Mgeni anaziandika 40 hizo kwake. Nchi iliyouza inalazimika kuzirudisha katika hesabu yake kana kwamba hazikupunguzwa, na daftari lake linabaki na 60. Bado inadaiwa 40. Wataalamu wanalo jina lao la Kiingereza kwa marekebisho hayo, lakini mfanyabiashara wa mpakani halihitaji. Bidhaa iliyosajiliwa kuwa imetoka nje haihesabiwi tena kuwa ya ndani.

Kwa hiyo, anayesema kwamba nchi jirani inapata fedha za bure kwa kuuza hewa hajasema ukweli wote. Nchi hiyo inauza sehemu ya kazi yake iliyokwisha kufanyika, na kesho itapaswa kufanya kazi nyingine kujaza pengo. Kama imeuza kazi nyepesi, ikabakiwa na nzito, huenda fedha alizolipa mgeni zisitoshe kuifanya ile nzito.

Japan na chumvi ya pwani

Nchi iliyoanza mapema katika ukanda wetu ni Japan. Ilikuwa na mpango wake wa ubia hata kabla ya Mkataba wa Paris. Ethiopia iliingia Mei 2013 na Kenya ikafuata Juni mwaka huo huo. Baadaye Tanzania nayo ilijiunga, na kufikia mwaka 2025 nchi wabia zilikuwa zimepita 30. Japan imejiwekea lengo la kufikisha jumla ya tani milioni 100 kwa njia hiyo ifikapo mwaka 2030, na tani milioni 200 ifikapo mwaka 2040. Hesabu hiyo inajumuisha tani zitakazobaki kwa nchi wabia na zile zitakazokwenda Japan.

Utaratibu wake unaeleweka kirahisi. Katika miradi mingi, serikali ya Japan hutoa ruzuku ya hadi nusu ya gharama za kununua na kufunga mitambo. Mwenye kiwanda anatafuta nusu inayobaki. Kamati ya pamoja ya serikali zote mbili inakubali namna ya kupima, mkaguzi wa tatu anahakiki, kisha hati zinatolewa na kugawanywa. Kwa kuwa Japan imetoa ruzuku, hutaka angalau nusu ya hati.

Mfano ulio karibu na mifuko ya wasomaji wa ukurasa huu ni wa chumvi. Huko Gongoni, katika kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, kiwanda cha chumvi kiliwekewa mitambo ya umeme wa jua ya takriban megawati 1 chini ya ubia huo. Sote tunajua kwamba chumvi ya pwani haiishii pwani. Inapanda malori na kusafiri hadi nchi zisizo na bahari. Kwa hiyo, upo uwezekano kwamba chumvi inayouzwa dukani mwako imesagwa kwa umeme ambao kila saa uliofanya kazi uliandikwa kitabuni, na sehemu ya hesabu hiyo ni ya Japan.

Je, Kenya ilipunjwa? Katika mradi kama huu sioni kilio kikubwa. Kiwanda kilipata mitambo kwa nusu bei, na mitambo inabaki hapo hapo hata baada ya hati kugawanywa. Aidha, takriban asilimia 90 ya umeme wa gridi ya Kenya tayari unatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, kwa hiyo tani zinazookolewa kwa kuongeza umeme wa jua si nyingi kama ambavyo zingekuwa katika nchi inayochoma makaa ya mawe. Japan ilichukua sehemu ya kitu kidogo, na Kenya ikabaki na mtambo. Mambo huwa magumu tunapotoka kiwandani na kuingia jikoni.

Wanunuzi wengine wabisha hodi

Mei 2025 Rwanda na Singapore zilitia saini mkataba wa utekelezaji wa aina hii. Singapore ni kisiwa kidogo chenye viwanda vikubwa na nafasi finyu ya kupunguza hewa chafu nyumbani. Inawatoza wenye viwanda kodi ya kila tani: dola 25 za Singapore katika mwaka 2024 na 2025, na dola 45 katika mwaka 2026 na 2027. Tangu Januari 2024 mwenye kiwanda anaruhusiwa kufuta hadi asilimia 5 ya hewa inayotozwa kodi kwa kuleta hati kutoka nchi yenye mkataba na Singapore. Hapo msomaji anaona mara moja bei inakotoka. Mnunuzi hatalipia hati zaidi ya kodi anayoikwepa, na kodi inapopanda, thamani ya hati nayo ina nafasi ya kupanda.

Mkataba huo una vifungu viwili vinavyostahili kusifiwa. Wenye miradi wanatakiwa kuchangia asilimia 5 ya thamani ya mapato ya hati kusaidia Rwanda kukabiliana na madhara ya hali ya hewa. Kadhalika, asilimia 2 ya hati hufutwa kabisa mwanzoni, asipewe muuzaji wala mnunuzi, ili dunia nayo ipate chake.

Rwanda pia ilijipanga kabla ya kuingia sokoni. Katika ahadi yake ya mwaka 2020 ilisema itapunguza asilimia 38 ya hewa chafu ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila hatua yoyote. Ahadi hiyo ina mafungu mawili: asilimia 16 itakayotimizwa kwa nguvu za nchi yenyewe, na asilimia 22 inayotegemea msaada wa nje. Kwa maoni yangu, nchi inayotaka kuuza bila kujidhuru inapaswa kuuza kutoka fungu la pili tu. Fungu la kwanza ni kama mbegu, na mbegu haiuzwi.

Uswisi nayo imezunguka Afrika ikisaka hati. Ilitia saini na Ghana Novemba 2020, na Julai 2025 hati 11,733 zilihamishwa kutoka Ghana kwenda Uswisi, zikitokana na majiko banifu ya vijijini. Ulikuwa uhamisho wa kwanza wa aina yake kutoka Afrika. Anayelipa ni dereva wa Uswisi: waagizaji wa mafuta wanabanwa na sheria kufidia hewa chafu ya magari, na gharama hiyo huongezwa katika bei ya petroli, isipite senti 5 za faranga ya Uswisi kwa lita. Mtu anajaza tangi huko Ulaya, na mama wa kijijini Ghana anapikia jiko jipya.

Jiko linapohesabiwa vibaya

Tatizo la jiko ni kwamba halina mita. Mtambo wa jua una kipimo kinachosoma kila saa. Jiko halina. Mwenye mradi anakisia kuni kiasi gani familia ilikuwa ikitumia zamani, kuni kiasi gani inatumia sasa, na kama jiko la mafiga matatu limeachwa kweli. Kila mmoja wetu anajua kwamba jiko jipya likifika, la zamani halitupwi. Maharage yanachemshiwa la zamani na chai la jipya.

Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa matokeo ya uchunguzi wa miradi ya majiko katika nchi mbalimbali. Waligundua kwamba hati zilizotolewa katika miradi waliyoipima zilizidi upunguzaji halisi kwa takriban mara 9. Maana yake, palipoandikwa tani 9, iliyozuiwa kweli ni kama tani 1.

Hebu tulipeleke jambo hilo katika daftari la nchi. Nchi iliyouza tani 9 inatakiwa kurudisha tani 9 kwenye hesabu yake. Lakini kiasi kilichopungua kweli katika hewa yake ni tani 1. Zile 8 zitatoka wapi? Zitatolewa katika jasho la wananchi wake wengine: katika umeme, mabasi, viwanda na mashamba. Udanganyifu katika hesabu ya jiko hauishii kwa mnunuzi wa Ulaya. Unamrudia muuzaji kama deni. Ndiyo maana ninasema kipimo sahihi ni kinga ya nchi maskini kabla ya kuwa kinga ya tajiri.

Barua inayoweza kufunga duka

Ili hati itoke katika nchi na kutambuliwa chini ya Ibara ya 6, serikali ya nchi hiyo hutoa barua ya idhini. Barua hiyo ni kama kibali cha kusafirisha mali nje. Bila barua, hati zinaweza kupata wanunuzi wa hiari kwa bei ndogo, lakini soko lenye bei nzuri linafungwa.

Yaliyotokea Kenya mwishoni mwa Januari 2026 yanaonyesha uzito wa barua hiyo. Kampuni ya Koko, iliyokuwa ikiuza majiko na ethanoli ya kupikia kwa bei nafuu kupitia mashine zilizowekwa madukani, ilifunga shughuli zake baada ya kukosa idhini iliyoitaka. Wateja wake walikuwa nyumba zaidi ya milioni 1, nyingi za mitaa ya watu wa kipato cha chini. Bei nafuu waliyokuwa wakilipa ilitegemea hati za kaboni zilizotarajiwa kuuzwa nje kwa bei nzuri. Barua ilipokosekana, mashine zilizimwa. Wateja walibaki na majiko yasiyo na mafuta, na wengi hawakuwa na njia nyingine ila kurudi kwenye makaa, mafuta ya taa au gesi.

Mtu anaweza kuilaumu kampuni kwa kujenga nyumba juu ya fedha ambazo hazijafika. Mwingine anaweza kuilaumu serikali kwa kuchelewa kuamua. Mimi ninaona fundisho moja kwa pande zote. Serikali ikitoa barua kwa kila anayeomba, inaweza kuuza zaidi ya uwezo wake na kubaki na deni. Ikiinyima baada ya watu kuzoea bidhaa, anayeumia ni mpishi. Uamuzi unapaswa kutolewa mapema, kabla mteja wa kwanza hajatoa senti yake.

Jiko likivuka mpaka

Sasa nije kwa ndugu zetu waliorejea. Aliyeishi Nyarugusu, Nduta au Mtendeli haambiwi thamani ya kuni. Anajua umbali wake na hatari yake. Anayerejea nyumbani hubeba alichonacho, na kama ana jiko zuri, atalibeba.

Lakini mkataba wa kaboni hauvuki mpaka pamoja na jiko. Majiko mengi ya miradi hii yana namba, na namba hiyo imeandikwa pamoja na jina la mwenye nyumba na mahali anapoishi. Wakaguzi huchagua nyumba kadhaa na kuzitembelea kuona kama jiko bado linatumika. Familia ikihama, jiko linatoka kwenye hesabu ya nchi lilikoandikwa. Likiwashwa Makamba au Rumonge, kuni zinazookolewa ni za Burundi, na mkataba wa nchi jirani na mgeni wake hauzihusu. Mwenye mradi akiendelea kuliandika kana kwamba bado liko kule, anaandika moshi wa nchi nyingine.

Vivyo hivyo kwa makaa. Upande mmoja wa mpaka unaweza kufunga msitu na kuuza hati kwa sababu miti haikatwi. Lakini kama walaji wa mjini hawakupunguza makaa, magunia yatatafutwa upande wa pili. Msitu mmoja umepona, mwingine umekatwa, na hewa haijui tofauti ya bendera. Kanuni za kupima zinataka kiasi hicho kilichohamia kwingine kitolewe kwenye hesabu, lakini anayekihesabu kutoka ofisini hawezi kukiona kama anavyokiona mfanyabiashara anayepishana na baiskeli za makaa alfajiri. Ninyi mnaovuka kila siku mnazo takwimu ambazo wakaguzi wengi hawana.

Mgawo ni wa nani?

Kenya ilibadili sheria yake ya mabadiliko ya hali ya hewa mwaka 2023. Sheria hiyo inaagiza kwamba miradi inayotumia ardhi, kama misitu na malisho, iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Isiyotumia ardhi hutoa angalau asilimia 25. Inataka pia mkataba wa maandishi kati ya mradi na jamii. Tanzania ilitoa kanuni zake za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Hizo ni hatua za maana. Mwananchi mwenye sheria mkononi anaweza kudai. Asiye nayo hubaki kuomba.

Hata hivyo, asilimia peke yake haitoshi. Asilimia 25 ya bei isiyojulikana ni namba isiyokula wala kuvaa. Katika mikataba mingi kati ya nchi na nchi, bei ya hati hubaki siri ya muuzaji na mnunuzi. Jamii inaambiwa fungu lake, haiambiwi jumla. Mfanyabiashara gani wa mpakani angekubali kugawana faida na mwenzake bila kuona risiti?

Kwa hiyo, akija mtu mtaani na jiko la bei ya kutupa, au mlimani na ahadi ya fedha za miti, usimfukuze. Jiko zuri ni jiko zuri, na mapafu ya mtoto yatashukuru. Muulize tu maswali kama yale unayomuuliza mwenye lori. Hati za jiko hili ni za nani, na zinauzwa nchi gani? Serikali imeshatoa barua ya idhini au bado? Mradi ukifungwa, mafuta na vipuri nitapata wapi? Nikihama na jiko langu, mkataba unasemaje? Fungu la jamii linatokana na bei gani, na nani ataionyesha?

Mara nyingi, anayepokea jiko hutakiwa kutia saini au dole gumba katika karatasi inayompa mwenye mradi haki zote za upunguzaji utakaotokana na jiko hilo. Karatasi hiyo ndiyo hati ya mauzo, hata kama hakuna fedha iliyobadilisha mikono. Omba isomwe kwa Kirundi au Kiswahili, sentensi kwa sentensi, na uombe nakala yako kabla wino haujagusa kidole.